Kabla hajamjibu baba yake

Swali lenyewe lilikuwa dogo. "Mama siku hizi anarudi nyumbani saa ngapi?"

Aliyeuliza alikuwa shemeji yangu wa zamani, ameketi kwenye kiti cha plastiki katika ofisi moja ya ustawi wa jamii hapa Dodoma. Aliyeulizwa ni mwanawe, mpwa wangu, yuko darasa la kwanza, bado amevaa sare na vumbi limempanda mpaka magotini. Pembeni yao, kwenye meza iliyojaa mafaili, alikaa mama mmoja mtu mzima ambaye amri ya mahakama, iliyotaka baba aonane na mwanawe mbele ya msimamizi, haikumtaja kwa jina. Ilimtaja kwa cheo tu: afisa ustawi wa jamii.

Mtoto hakujibu. Aligeuka akamtazama yule mama.

Mama ustawi akalaza kalamu juu ya faili. "Baba, hilo si la kumuuliza yeye. Kama kuna jambo unataka kujua kwa mama yake, niambie mimi nitamfikishia. Mtoto muulize ya mtoto."

Mabega ya mtoto yakashuka. Akazungusha ulimi mdomoni, kisha akapanua kinywa chote kumwonyesha baba yake jino la chini lililoanza kulegea.

Mimi nilikuwa karibu na mlango, kwenye benchi la wanaosubiri. Kazi yangu ni kumleta na kumrudisha, ili wazazi wake wasikutane. Niliyaona yote mawili, kugeuka kwake na jino lake, lakini kilichonifuata nyumbani ni kile kugeuka. Mtoto wa miaka sita anamtazama mtu baki kabla ya kumjibu baba yake mzazi.

Kimenikaa wiki nyingi.

"Mmemwekea mtoto polisi"

Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka kijijini, wilaya ya Chamwino. Nilipomsimulia, aliacha kumenya karanga.

"Mmemwekea mtoto polisi," alisema. "Tangu lini mtoto akaomba ruhusa ya kuongea na baba yake?"

Sikuwa na jibu. Nimekulia katika nyumba ambayo ugomvi wa wakubwa ulimalizwa na wakubwa, uani, watoto wakiwa wametumwa dukani. Kumketisha mtoto ofisini, chini ya picha ya Rais na kalenda ya benki, mtu anaandika pembeni wakati anacheka na baba yake, kulinipa uzito moyoni tangu siku ya kwanza.

Nikamfikiria na baba mtu. Anaishi Dar es Salaam. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, anaweza kupanda asubuhi na kurudi jioni, jambo ambalo kwa basi lilikuwa mateso. Anaomba ruhusa kazini, anafika stesheni, anachukua bodaboda, anakaa na mwanawe muda usiofika hata saa mbili, mbele ya mtu asiyemjua. Mwanaume gani asingehisi kwamba anatazamwa kama mwizi?

Wapo watakaouliza alifanya nini hadi hakimu akaamua hivyo. Hilo ni la mama, la baba na la mahakama, na siku moja litakuwa la mtoto mwenyewe. Sitaliweka hapa. Itoshe kusema kulikuwa na kipindi kirefu hakuonekana, na kulikuwa na siku moja ya kukabidhiana mtoto ambayo iliishia kwenye kelele na kuvutana mikono, na mmoja kati ya mikono iliyovutwa ulikuwa wa mtoto.

Hesabu ya miaka saba

Tangu ndoa ivunjike, upande wa baba wanahesabu. "Akitimiza saba tutakuja kumchukua." Wanalisema bila ubaya wowote, kama watu wanaosubiri mavuno. Na upande wetu, nimegundua, tunahesabu pia, kwa hofu.

Imani hii imeenea Dodoma nzima, na sidhani kama ni Dodoma tu. Mtoto chini ya miaka saba ni wa mama, akishafika saba ni wa baba. Nimeisikia kwa wenye diploma, nimeisikia kwa wazee wa kanisa, nimeisikia kwa dereva wa bajaji aliyenipa ushauri bila kuombwa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haisemi hivyo. Kifungu cha 125 kinasema jambo la kwanza la kuangalia ni ustawi wa mtoto. Kinaendelea kwamba kwa mtoto wa chini ya miaka saba mahakama itachukulia kuwa ni heri akae na mama yake, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kuhusu siku ya kutimiza saba hakuna agizo la kumhamisha mtu. Zaidi ya hapo, kifungu kile kile kinataka mahakama ipime madhara ya kumhamisha mtoto kutoka maisha aliyoyazoea, isikilize matakwa ya wazazi, na ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kutoa maoni yake.

Na mila zimo. Kifungu kinazitaja mila za jamii wanayotoka wahusika kati ya mambo ya kuzingatia. Kwa hiyo mzee wa Kigogo anayesimama kusema ng'ombe walitoka na mtoto ni wa ukoo wa baba, haongei upepo. Anasikilizwa. Ila hoja yake inakaa chini ya ustawi wa mtoto, haikai juu yake.

Kifungu kinachofuata, cha 126, ndicho kinachompa hakimu nafasi ya kuweka masharti kwenye amri ya malezi, pamoja na kupanga mtoto amtembelee mzazi aliyekosa malezi hayo. Kwetu ilitoka humo: mtoto akae na mama, aonane na baba mbele ya afisa ustawi wa jamii, mpaka amri itakapoangaliwa upya.

Nilidhani kulijua hilo kungenituliza. Halikunituliza. Mtu anaweza kuijua sheria na bado akaona mtoto amegeuza shingo.

Kwa nini asisimamie shangazi?

Kila niliyemsimulia aliniuliza hivyo. Mahakama inataka msimamizi? Sawa. Kwani ndugu wameisha?

Kabla ya amri, shangazi ndiye aliyesimamia. Dada wa baba yake, anakaa Nkuhungu, mwanamke mwenye moyo mweupe. Mtoto akienda kwake alikuta binamu zake, anapikiwa, anacheza uani mpaka anasahau viatu. Nikilinganisha na kiti cha plastiki na mafaili, kwa shangazi palikuwa peponi.

Lakini alirudi na maneno.

"Shangazi amesema mama ajue hili shati kanunua baba." "Wamesema mama akiolewa mimi nitahamia Dar." Mara nyingine aliyataja mlangoni kabla hata ya kusalimia, kama anatua mzigo. Na tuwe wakweli, alipokuwa anakwenda alibeba ya kwetu. Mwambie baba yako ada bado. Mwambie bibi yako simu yangu ninayo, asikutume wewe. Mtoto wa chekechea tulimfanya tarishi wa koo mbili.

Kuna jingine nililolielewa polepole. Muda wa kuondoka ulipofika, shangazi hakuweza kumwambia kaka yake mkubwa, "Muda umeisha." Angemwambiaje? Yule ni kaka yake, ndiye aliyemsomesha. Baba akisema mtoto alale leo, mtoto analala. Baba akitoka na mtoto kwenda kumwonyesha kwa marafiki, shangazi anabaki na sufuria jikoni, simu inaita, upande wa pili dada yangu analia. Heshima ambayo tumefundishana tangu utotoni ndiyo iliyomfunga mdomo. Na angejitutumua akaenda kusema mahakamani aliyoyaona, nani angemkaribisha tena msibani?

Kwa upande wetu ni vilevile. Ningekuwa mimi msimamizi, kila kitu ambacho baba yake angefanya ningekisikia kwa sikio la dada yangu.

Hatukumkosa ndugu mwema. Tulikosa mtu ambaye hatakula nasi Krismasi.

Anachokiandika

Siku moja baba aliondoka mapema kuwahi treni, nikabaki na mama ustawi wakati mtoto anamalizia soda. Nilimuuliza anaandika nini muda wote ule. Nilitegemea aniambie ni siri. Alinieleza taratibu, kama mtu aliyewahi kuulizwa sana.

Anaandika kilichoonekana na kilichosikika, hukumu hatoi. Haandiki "baba anampenda mtoto" wala "mtoto anamwogopa baba". Anaandika kwamba mtoto aliingia akasema shikamoo na kukaa mbali, baada ya muda akasogeza kiti, akaomba asomewe kitabu, akakataa kukumbatiwa wakati wa kuaga, kisha akarudi mwenyewe kutoa mkono. Tarehe, saa, nani alikuwepo. Hakimu akitaka kujua yanaendeleaje, ndiyo atakayoyasoma.

Masharti yake si mengi, na mengi nilikuwa nimeyaona bila kuelewa sababu. Baba anafika kabla na kuondoka baada, ili tusigongane getini. Hakuna kunong'ona. Kama ni Kigogo, kiwe Kigogo ambacho na yeye anakisikia. Hakuna kumuuliza mtoto habari za mzazi mwenzake, hakuna kumsema mzazi huyo vibaya. Hakuna ahadi ambazo mtu hana uwezo nazo, za baiskeli au za kurudi kuishi wote. Zawadi kubwa ipite mezani kwanza. Mtoto akisema nataka kwenda, anaulizwa mara moja kwa upole, akishikilia, ziara inaishia hapo.

"Na nikiona yanakwenda vibaya nasimamisha," alisema. "Hata kama amesafiri kutoka wapi."

Kazi hii nchi nyingine ina nyumba yake. Uingereza kuna vituo vya watoto kuonana na wazazi wasioishi nao, vingi vikiwa kwenye kumbi za makanisa na kuendeshwa na watu wa kujitolea. Vipo vya kuangalia kwa mbali, kwa familia ambazo shida yao ni ugomvi wa wakubwa tu, na vipo vya karibu ambako msimamizi aliyefunzwa anaona na kusikia kila kitu, kwa sababu kuna hatari. Marekani nako majaji huagiza ziara za namna hii, na kuna wataalamu ambao hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku.

Kwetu inamwangukia mtu mmoja ambaye asubuhi hiyo hiyo amesikiliza kesi ya matunzo, amemwandikia mzee barua ya msamaha wa matibabu, na ana simu ya mtoto aliyeokotwa stendi. Si kila kata ina afisa wake. Nikiona jinsi mama huyu anavyofunga faili lingine, anavuta pumzi, kisha anamgeukia mpwa wangu na kumuuliza jino limefikia wapi, naona mtu anayefanya kazi ambayo hatujawahi kumshukuru.

Mtazamo ule ule

Kilichonibadilisha hakikutokea ofisini.

Ilikuwa jioni, nyumbani, siku ya ziara. Dada amerudi kazini, kavua viatu, kaketi kwenye mkeka mtoto anapokula ugali na mlenda. Akamuuliza, sauti laini kabisa:

"Baba leo alikuja peke yake?"

Mtoto akashika tonge hewani. Akageuka akanitazama mimi.

Shingo ile ile, macho yale yale. Hapakuwa na afisa, hapakuwa na faili wala kalenda ya benki. Alikuwa mama yake, aliyembeba mgongoni, anayelala naye kitanda kimoja akipata homa, na bado mtoto alimtafuta mtu mwingine kwa macho kabla ya kujibu.

"Mwache ale kwanza," nikasema.

Akala. Baada ya hapo aliongea kuhusu mambo mengine kabisa, kuhusu mwenzake aliyemmwagia maji darasani.

Usiku ule nilikaa nje muda mrefu, upepo wa Dodoma unapiga mabati, nikiyaweka pamoja yale matukio mawili. Mama yangu alisema mtoto anaomba ruhusa ya kuongea na baba yake. Sasa nadhani alikuwa anatafuta ruhusa ya kutojibu. Amejifunza mapema kwamba kila jibu lake linasafiri: akisema mama anachelewa, litafika mahali, akisema baba alikuja na mtu, litafika mahali, na huko linakofika watu wakubwa hawalali. Ofisini kuna mtu ambaye kazi yake ni kusema "hilo si la kumuuliza yeye". Nyumbani hakuna mwenye cheo hicho.

Ndiyo maana jino lilionyeshwa baada ya kusimamishwa kwa swali, na si kabla.

Tangu siku hiyo siioni tena ile kalamu kama ya polisi. Yule mama amekaa pale ili kwa muda ule mtoto asiwe shahidi wa mtu yeyote. Aliyewekewa uangalizi na sheria ni baba, lakini anayepumzika ni mtoto.

Yanayonitatiza bado

Nisieleweke kwamba nimeona dawa. Kuna mambo nayageuza kichwani hadi leo.

La kwanza ni baba mwenyewe. Mtu akijua anaandikwa, anakuwa baba wa kuandikwa. Analeta kitabu, anauliza shule, hakasiriki. Je, ndivyo alivyo? Nilimweleza mama ustawi wasiwasi huu naye hakuupuuza. Alisema mtu anaweza kuigiza mara chache, lakini mtoto haigizi kwa muda mrefu, na yeye anamwangalia mtoto zaidi ya baba. Jibu hilo limenisaidia nusu.

La pili ni zito zaidi. Zipo nyumba ambazo mzazi amemuumiza mtoto, na pale sidhani kiti cha tatu, cha msimamizi, kinatosha. Mtoto aliyeumizwa kuketishwa na aliyemuumiza, hata kama mlango uko wazi na afisa yupo, kunaweza kuwa kumuumiza upya. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unampa mtoto haki ya kuonana mara kwa mara na mzazi aliyetengana naye, na papo hapo unaweka mpaka: isipokuwa pale ambapo ni kinyume na maslahi ya mtoto. Hapo ni kazi ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ya namba 116 ya simu ya msaada kwa watoto, ya hakimu kusema hapana. Mama anayesema "naogopa" asiambiwe anamkomoa mwanaume. Asikilizwe kwanza mpaka mwisho.

Kisha matunzo. Hili limegawa hata meza yetu. Dada kwa muda mrefu alisema: hatoi hela, hamwoni mtoto. Naielewa hasira hiyo, maana najua nani alikopa ada ya muhula wa kwanza. Lakini sheria inamtaka baba amtunze mwanawe, aonane naye asionane naye. Na kuonana ni haki ya mtoto. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinasema mtoto ambaye wazazi wake wametengana ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi yule mwingine anapotaka, ilimradi masomo yake yasivurugwe. Anapotaka yeye. Ukimnyima mtoto ziara kwa sababu ya deni la baba, umemdai mtoto. Deni lidaiwe mahakamani, na lidaiwe kwa nguvu zote.

Ila hapo kwenye "anapotaka" ndipo ninaposhindwa kulala. Mtoto wa miaka sita anayesema hataki kwenda, anasema kwa sababu gani? Ameogopa? Ameona uso wa mama yake asubuhi alipotajiwa safari? Au siku hiyo kuna mpira shuleni tu? Na anayesema anataka, je, anamtaka baba au anataka soda? Sheria inasema maoni ya mtoto yasikilizwe yakitolewa kwa uhuru. Uhuru wenyewe ndio mgumu kuupata ndani ya nyumba mbili zinazogombana. Labda unapatikana kidogo kwenye chumba ambacho si cha baba wala cha mama.

Chumba

Na chumba hatuna.

Ile ofisi ina meza mbili. Wakati mpwa wangu anasomewa hadithi na baba yake, meza ya pili kuna mama anaeleza kwa machozi jinsi alivyofukuzwa usiku. Mtoto anasikia. Baba anashusha sauti, sauti ikishuka inakuwa kunong'ona, na kunong'ona hakuruhusiwi, basi wanabaki kutazamana. Ofisi inafungwa alasiri, siku za kazi tu, hivyo kila ziara inakula kazi ya mtu na wakati mwingine kipindi cha mtoto. Sitaji ni ofisi gani kwa sababu waliomo humo hawakuichora ramani yake.

Mji huu umejengwa sana. Tangu serikali ihamie, na hasa tangu Dodoma itangazwe kuwa jiji mwaka 2018, tumepata barabara za mzunguko, stendi, soko, majengo ya wizara kule Mtumba. Na tumepata familia nyingi za namna yetu, mmoja amehamishiwa huku, mwingine kabaki Dar, ndoa inachanika katikati. Siombi jengo. Naomba chumba kimoja chenye mkeka, vitabu vichache, milango miwili, kifunguliwe Jumamosi. Darasa la chekechea siku ambayo hakuna shule lingetosha. Ukumbi wa parokia ungetosha, au chumba cha madrasa, mradi anayeketi humo awe amefundishwa na asiwe ndugu wa mtu. Wapo vijana wengi waliosomea ustawi wa jamii ambao wako nyumbani wanasubiri ajira. Waanze na hicho chumba, walipwe, wasimamiwe na afisa mmoja mzoefu.

Kama wewe unayesoma ni diwani, mwenyekiti wa mtaa, padri, shehe au mwalimu mkuu mwenye chumba kinachokaa bure Jumamosi, hili nakuambia wewe.

Orodha ya dada

Mama ustawi ametuambia anakusudia kuishauri mahakama ziara zitoke ofisini. Ziende Chinangali, penye bembea na nafasi ya kukimbia, na yeye akae kwa mbali, anaona lakini hasikii kila neno. Zikienda vizuri, baadaye iwe ni kukabidhiana tu mbele yake, kisha baba na mwana waende zao kwa saa kadhaa.

Baba amekubali papo hapo. Dada bado.

Nilimweleza ninavyoona, kwamba mtoto yuko tayari kwa hatua moja, ile ya kwanza tu. Alinisikiliza, hakubisha, hakukubali. Akachukua daftari la mtoto, akachana karatasi ya katikati, akaandika. Nani atamshika mkono wakivuka barabara. Akisema anataka nyumbani, nani ataamua, na kwa dakika ngapi. Akija na mtu mwingine bila kutuambia, ziara inaendelea au inaishia hapo. Akiulizwa habari zangu na wewe uko mbali husikii, utajuaje.

Hilo la mwisho amelipigia mstari mara mbili. Jumatatu naipeleka karatasi ofisini, na nimemwahidi sitarudi bila majibu ya yote manne.